Waifai katika nyumba ya mawe Lamu: meshi au waya?

Ruta iko tekani, kibaraza cha ndani ya mlango mkuu, na simu iliyoshikwa hapo hapo inapima kasi ya Mbps 40. Aliyelala ndani, kile chumba cha nyuma kabisa, ambaye ukivuta futi kamba hafiki hata mita kumi, picha moja ya WhatsApp inamzungukia mpaka achoke. Mwenye nyumba anaambiwa ruta yake dhaifu, anauziwa nyingine yenye antena sita kama kaa aliyepinduliwa, na wa ndani anabaki vile vile.

Ruta haina kosa. Nyumba za kale za mtaa wa Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa karibu nusu mita. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, maana upana wake ulipimwa kwa boriti ya mkoko, na boriti haibebi dari zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi. Tena vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: kiwanda (uwazi wa katikati ya nyumba), kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, halafu ndani. Kila hatua nne tano mawimbi yanakutana na ukuta mpya. Na ukuta wenyewe si mkavu. Matumbawe na chokaa hunywa unyevu na chumvi, na maji yakishakaa ukutani humeza mawimbi.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua vifaa, hesabu kuta, usihesabu mita. Mawimbi ya 5 GHz, yale yenye kasi, yakivuka ukuta mmoja wa aina hii hufika yamechechemea. Ukuta wa pili huyamaliza. Ya 2.4 GHz huvumilia zaidi, lakini nayo baada ya kuta mbili yanabaki ya kutuma ujumbe tu. Antena nyingi hazibadilishi hesabu hiyo, kwa sababu simu nayo lazima ijibu, na simu ina antena ndogo na nguvu kidogo. Ruta inaweza kupiga ukelele ukasikika ndani. Jibu la simu halirudi.

Kabla ya kununua chochote pima. Weka kwenye simu ya Android programu ya kuchambua waifai, zunguka nyumba nzima, na andika namba ya dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, kila chumba, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Namba ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo nzuri. Kwenye -50 huna shida. Kwenye -67 simu ya video bado inakwenda. Ikifika -75 mazungumzo yanakatika-katika, na -80 ni kama hakuna kitu. Utagundua jambo moja mapema: mawimbi hupita mlangoni na kwenye uwazi wa kiwanda kama watu wanavyopita, hayapenyi mawe. Mlango wa mbao hata uwe mzito na wa nakshi hauzuii kama ukuta unavyozuia.

Angalia pia ruta imewekwa wapi. Wengi huiweka ndani ya kidaka, kwa kuwa inapendeza na haiko njiani. Kidaka ni sanduku la mawe lililo wazi upande mmoja tu: nyuma mawe, juu mawe, kulia na kushoto mawe. Itoe, ipandishe kwenye rafu ya mbao inayotazama mlango au kiwanda, kisha pima tena. Wapo ambao shida yao huishia hapo, bila kununua kitu.

Kwa wengine, swali ni namna ya kuupeleka mtandao upande wa pili wa ukuta. Majibu ya maana ni mawili, meshi na waya. Kuna mengine mawili yanayouzwa sana, tuyamalize kwanza.

Repita na pawalaini

Repita ya kuchomeka soketini ndiyo rahisi kuliko zote, na bei yake ndiyo sifa yake. Inapokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya, lakini nyingi hutumia redio moja kwa kazi zote mbili, kwa hiyo kasi inakatika nusu hapo hapo. Kosa la kawaida ni kuichomeka kule ambako waifai imekufa. Huko haina cha kurudia. Inataka kukaa mahali bado pana -65 au bora zaidi, na katika nyumba ya mawe mahali hapo ni chumba kile kile chenye ruta. Ifae nani basi? Mpangaji wa chumba kimoja ambaye ukuta unaomtenga na ruta ni mmoja na una mlango. Basi.

Pawalaini hupitisha mtandao ndani ya nyaya za umeme: adapta moja karibu na ruta, nyingine chumba cha mbali. Kwa fikra ni dawa ya kuta nene, maana waya wa umeme umeshapita. Kwa vitendo inategemea nyaya hizo zilivutwa vipi, na nyumba nyingi za kale ziliwekewa umeme kwa vipande, fundi huyu leo na yule miaka kumi baadaye. Soketi mbili zilizo kwenye njia tofauti za umeme zinaweza zisisikilizane kabisa. Ukiichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme unaopanda ghafla, kinga hiyo humeza mawimbi yake. Chaja za simu na taa za bei ya chini hutia kelele. Inunue dukani kwenye ahadi ya kurudisha tu.

Meshi

Meshi ni ruta mbili, tatu zinazouzwa pamoja na kujiendesha kama moja. Jina la mtandao ni moja, unatembea kutoka daka la mlangoni hadi kidari cha juu na simu inahama kipande hadi kipande bila kukuuliza. Kuiweka ni kazi ya nusu saa kwa programu ya simu, hakuna kutoboa, na ukihama nyumba unaondoka nayo. Kwa mpangaji hayo ni mambo makubwa.

Lakini vipande navyo huzungumza kwa mawimbi, na ukuta ni ule ule. Meshi ya bei ya kati ina redio mbili, moja ya 2.4 na moja ya 5 GHz, na hiyo ya 5 hubeba mzigo wa simu zako na mzigo wa kipande kwa kipande kwa pamoja. Kila mruko mmoja hula karibu nusu ya kasi. Ukipanga vitatu kwa mstari, tekani, msana, ndani, cha mwisho kinapata makombo. Meshi yenye redio tatu hutenga moja kwa mazungumzo ya vipande peke yake. Ni bora, ila bei yake huruka, na redio hiyo ya tatu kwa kawaida ni ya 5 GHz, ambayo ndiyo inayochukiwa na ukuta.

Siri ya meshi katika nyumba ya Lamu ni kiwanda. Kiwanda ni shimo la hewa katikati ya nyumba, na kwa waifai ni bomba la moshi. Kipande cha kwanza kiwekwe msana wa tini kikitazama kiwanda. Cha pili kiwe ghorofa ya juu, kwenye ukumbi au ngazi inayochungulia kiwanda hicho hicho, ili vionane bila ukuta kati yao. Cha tatu, kama kipo, kisimame usawa wa mlango wa ndani, si kwenye kona ya ndani. Kwa mpango huo meshi inaweza kuhudumia sakafu mbili vizuri. Bila kiwanda, au kiwanda kikiwa kimefunikwa mabati, usitegemee hivyo.

Malindi hali ni nyingine. Nyumba nyingi za kisasa huko ni za matofali ya saruji au mawe ya kuchonga ya inchi sita hadi tisa, sakafu moja, paa la makuti lenye nafasi kubwa juu ya kuta. Makuti makavu hayazuii mawimbi, na mara nyingi ukuta wa chumba haufiki paani, kwa hiyo waifai inaruka juu yake. Nyumba ya namna hiyo haihitaji waya. Meshi ya vipande viwili inatosha, kimoja barazani na kimoja upande wa vyumba, vyote juu. Chunguza tu kama chini ya makuti kumetandikwa karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto. Ile ni bati kwa jina jingine.

Waya

Waya haujali ukuta. Waya wa mtandao wa shaba wa aina ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba Lamu inayofika huko. Unavuta waya mmoja kutoka kwenye ruta hadi kila chumba kigumu, na mwisho wake unaweka kituo cha waifai, kile mafundi wanachokiita AP. Kila kituo kinapata kasi kamili na kurusha ndani ya chumba chake. Hapo ukuta mnene unageuka rafiki: mawimbi ya jirani hayaingii, kwa hiyo ndani unaweza kutumia 5 GHz kwa upana wa mkondo wa 80 MHz bila msongamano. Juu kwenye dari ya wazi, yaani paa bapa, ambako mitandao ya mtaa mzima husikika, rudi 20 MHz kwenye 2.4, na uchague mkondo 1, 6 au 11, ule wenye watu wachache.

Taabu yake ni kuuvuta. Usikimbilie kutoboa. Nyumba hizi zina njia zake: ngazi, tundu la juu ya mlango, mwanya kati ya boriti na ukuta, kiwanda chenyewe. Waya ufuate boriti na ufungwe kwa kamba ya nailoni. Mkoko mkavu huupinda msumari. Ukilazimika kutoboa, usitoboe ukuta wa vidaka, wala plasta ya nakshi. Anza na kekee ikizunguka tu, bila kugonga kama nyundo, hadi uvuke chokaa, la sivyo plasta itabanduka bapa zima. Tundu la milimita 8 linatosha waya usio na kichwa, yaani plagi yake ya mwisho. Kichwa unakibana baadaye. Tundu liiname kidogo kuelekea nje ili mvua isiteremke ndani, na lizibwe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe, na baada ya muda hutoka na vipande vya ukuta. Upande unaotazama mtaa ni habari nyingine: mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kaulize ofisi ya makumbusho inayohusika na uhifadhi kabla kekee haijawashwa.

Sasa waya wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Sokoni kuna waya wa shaba tupu na waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao kwenye boksi huandikwa herufi CCA, ndogo. Boksi zote ni mita 305, lakini la CCA ni jepesi mkononi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe, ni alumini. Aina hii hukatika ikikunjwa mara mbili tatu, hupoteza umeme mwingi njiani kama unalisha kituo kwa waya huo huo, na hewa ya bahari huitafuna kwenye kichwa mpaka iwe unga. Kwa kupita nje nunua ganda jeusi linalohimili jua. Ganda la kijivu la ndani hupasuka likikaa juani.

Kubana kichwa cha RJ45 si kazi ya kuogopa. Vua ganda sentimita tatu, panga nyuzi hivi kutoka kushoto, kijino cha kichwa kikitazama chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zikate sawa, zibaki kama sentimita moja na robo, zisukume mpaka zigote mwisho, hakikisha ganda lenyewe limeingia chini ya kibanio, ndipo ubane. Pande zote mbili mpangilio ule ule. Kosa linalojificha ni hili: waya unafanya kazi, taa inawaka, lakini kipimo cha kasi hakivuki Mbps 94 hata ukinunua kifurushi kikubwa kiasi gani. Maana yake jozi ya buluu au ya kahawia haijashika. Mtandao wa Mbps 100 hutumia nyuzi nne tu, ya 1, 2, 3 na 6, kwa hiyo vifaa vimeteremka vyenyewe bila kukwambia. Kata kichwa, bana upya.

Si lazima ununue vituo vipya. Ruta yako ya zamani inafaa. Ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani 192.168.1.2 kama ruta kuu ni 192.168.1.1, zima DHCP (huduma ya kuvigawia vifaa anwani), ipe jina na nywila ile ile ya waifai, halafu chomeka waya kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Ukisahau kuzima DHCP, ruta mbili zitagawa anwani kwa wakati mmoja. Nusu ya simu zitapata intaneti na nusu zitasema zimeunganishwa bila intaneti, na fundi atazunguka siku nzima.

Umeme ukikatika, na chumvi

Hapa tofauti ya meshi na waya ni kubwa kuliko ile ya kasi, na watu huikumbuka usiku wa kwanza wa giza. Vipande vitatu vya meshi viko kwenye soketi tatu, vyumba vitatu. Ukitaka viendelee, unataka betri tatu. Zile UPS ndogo (betri za akiba) za ruta zilizoandikwa mAh 8,800 zinahesabiwa kwa volti 3.7, yaani ni kama saa-wati (Wh) 32 tu. Ruta ya wati 10 itakula hizo kwa saa mbili na nusu hivi baada ya upotevu. Na kipande kimoja kikizimika katikati, kilicho mbele yake nacho kinakosa njia.

Vituo vya waya vinaweza kulishwa umeme kupitia waya wa mtandao, kwa swichi (kisanduku cha kugawa nyaya za mtandao) yenye PoE, yaani inayopitisha umeme kwenye waya huo. Betri inakuwa moja, mahali pamoja. Chukua swichi na vituo vitatu, jumla wati 30, ongeza ruta na kisanduku cha faiba, wati 20. Betri ya lithiamu-fosfeti ya volti 12.8 na Ah 20 ina Wh 256. Ukitoa asilimia 15 ya upotevu, nyumba nzima inabaki hewani saa nne na kidogo. Tahadhari moja: kuna PoE ya kawaida ya volti 48, ambayo huuliza kwanza kama kifaa kinaitaka, na kuna ile ya volti 24 isiyouliza kitu. Usizichanganye. Soma nyuma ya kifaa kabla ya kuchomeka.

Chumvi inamgusa kila mtu, ila waya unaonekana kuumia zaidi, kwa kuwa una vichwa vya chuma vilivyo wazi. Kichwa kilicho nje hushika kutu ya kijani, na umeme wa PoE ukipita kwenye unyevu huharakisha. Dawa ni grisi ya silikoni kidogo ndani ya tundu, tepu ya mpira inayojishika yenyewe juu yake, na waya uteremke chini ya tundu kisha upande tena, ili maji yadondoke kwenye kitanzi badala ya kuingia. Vipande vya meshi havina budi kukaa ndani ya nyumba. Kimoja kilichowekwa kidari cha meko, kati ya mvuke, moshi na upepo wa kusi, hakitazeeka. Panya na paka ni sura nyingine. Waya upite juu.

Uchague lipi

Mpangaji: meshi ya vipande viwili, na kiwanda kitumike kama tulivyosema. Mwenye nyumba anayelaza wageni: waya na vituo, bila mjadala, maana mgeni anayelipia chumba cha ndani hatataka kusikia habari za matumbawe.

Familia ya kawaida yenye nyumba yake inafaa kuchukua njia ya katikati, na sisi tungeanzia hapo. Nunua meshi ya vipande viwili ambayo kila kipande kina tundu la gigabiti, hakikisha imeandikwa kwamba inakubali kuunganishwa kwa waya, kisha vuta waya mmoja tu kutoka cha kwanza hadi cha pili, ukishuka kiwandani. Vipande vinauona waya na kuacha kutumia mawimbi kati yao. Unabaki na wepesi wa meshi na kasi ya waya, kwa jasho la asubuhi moja. Meshi ya bei ya chini yenye matundu ya Mbps 100 haifai kwa kazi hii.

Wale wanaotaka kumgawia mtandao ndugu aliye nyumba ya pili kuvuka uchochoro wasivute shaba. Nyumba mbili zina ardhi mbili za umeme, na radi ikipiga karibu tofauti hiyo hupita kwenye waya na kuua vifaa pande zote. Tena waya ulioachwa chini hunaswa na shehena ya punda, mifuko ya saruji au mabati, na punda hasimami kuutegua. Vuta faiba, au weka jozi ya antena za 5 GHz dari kwa dari zinazotazamana, kila moja ikielekezwa kwa jicho kwanza na kwa namba ya dBm baadaye, mpaka zote mbili zisome -60 au bora zaidi.